Nilichora vijumba saba vya baba mkwe huku najificha kwenye migomba, sifa akapewa dizaina

Wakuu, mwagonile. Huko ni kuamkiana kwetu Kyela. Wadogo zangu na wajukuu mliomo humu, marahaba. Msiniamkie mmoja mmoja, uzi utajaa shikamoo tusione habari yenyewe.

Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, makazi yangu Ngana. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo sina elimu ya kutunga uongo mrefu. Uongo mrefu unataka karatasi. Haya yamenipata mwenyewe na kuta zipo. Anayebisha aje azishike, ila anawe mikono kwanza.

Naandika kwa kidole kimoja, vingine vimeshakakamaa kwa udongo. Mkikuta neno limepinda, linyoosheni muendelee.

Kilichonileta ni hiki. Juzi nilisoma humu uzi wa kijana mmoja anafundisha wasanii. Anasema msanii akikwama, tatizo ni mindset. Jiamini. Amka saa kumi na moja. Simama mbele ya kioo ujiambie wewe ni brand.

Nilicheka mpaka nikaiweka simu chini, nikafuta machozi, nikaiokota tena nisome vizuri, labda nimekosea. Sikukosea.

Mwanangu, mimi nimeamka saa kumi na moja miaka hamsini. Anayeniamsha ni mbuzi. Kioo sina, najitazama kwenye ndoo. Na kazi bado ilinipiga chenga. Ngoja nikuelezeni.

Kazi yangu ni kukandika nyumba za udongo na kuzipamba. Si kusiliba tu, kila mwanamke wa hapa anajua kusiliba. Mimi nachora.

Unachanganya udongo na mchanga laini na mavi ya ng'ombe, unapaka, unasugua kwa jiwe la mtoni mpaka ukuta unakuwa kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta. Halafu kabla haujakauka unaingiza rangi. Nyeupe, nyekundu, nyeusi ya masizi. Kwa vidole, na kijiti ulichokitafuna ncha.

Kabla haujakauka. Hilo lishikeni, ndilo lililonitesa.

Ukuta wa udongo ukiuanza unaumaliza. Ukiuacha katikati ukaenda kunywa chai, pale ulipoachia panafanya mshono, na mshono ule mvua ya kwanza tu unafunguka kama mdomo. Ndiyo maana mimi nikiwa ukutani hata nikisikia msiba nauliza kwanza ni wa nani.

Rangi nyeupe ya huku kwetu ina mchanga. Nzuri iko ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ambako dada yangu ameolewa. Naifuata mwenyewe kwa gunia. Mara ya kwanza watu pale mpakani waliniuliza nimebeba nini, nikasema udongo. Wakauliza, bibi, Tanzania udongo umeisha? Mpaka leo wakiniona wanacheka kabla sijafika.

Na msidhani naishi kwa kuchora. Msanii wa Kyela ana jembe. Nina mpunga, nina kokoa kidogo, nina ndizi. Kuta ni za kiangazi, na kiangazi chenyewe kwetu ni kama mgeni mwenye haraka, hata kiti hakai.

Halafu kuna majirani. Mama fulani, njoo basi unipitishie kidole pale mlangoni, ni udongo tu. Ni udongo tu. Hilo neno nimelisikia zaidi ya jina langu. Wanaosema hivyo ndio waliovunja nyumba za mama zao wakajenga za tofali na bati la rangi, ndani joto la kuivishia ndizi, na wao wanashinda nje kivulini wakisifia maendeleo.

Basi. Sasa mila.

Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani. Akipita njiani, wewe unachepuka unajificha. Jina lake hulitaji. Chumba alimo huingii. Na yeye hivyo hivyo, ulipo wewe yeye haji. Vijana wa mijini siku hizi wanakula naye meza moja, wanagombania paja la kuku. Sisi wa zamani bado tunashika.

Mume wangu alishatangulia, na baba yake pia. Lakini baba yake alikuwa na mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba. Kwa mila huyo naye ni baba mkwe wangu.

Sasa mcheke vizuri. Huyo baba mkwe ni mdogo kwangu kwa miaka kumi. Siku naolewa nilimkuta anachunga ndama, kamasi zimefika mdomoni. Nimemchemshia viazi yule. Kisha akabaleghe, na kuanzia siku hiyo mimi nikimwona naruka kwenye migomba kama nimeona nyoka.

Humu mnaficha majina ya watu kwa kuogopa kesi. Mimi la kwake nalificha kwa mila. Nitamwita Mkwe.

Mkwe alikwenda Dar, akafanya kazi huko, akastaafu, akarudi na tumbo na gari. Akanunua kiwanja ufukweni, kabla hujafika Matema, akaanza kujenga vijumba saba vya watalii.

Vya udongo.

Yule yule ambaye alipokuja likizo miaka ile alimwambia mume wangu, bado mnalala kwenye matope? Sasa amegundua kuna watu wanapanda ndege kuja kulala kwenye matope. Ghafla yamekuwa asili yetu.

Akatafuta wa kuchora asili yetu. Makwale akaambiwa hakuna, waliojua wamekufa. Bondeni wakamwambia wao wana rangi ya dukani. Kote wanamwambia mtu ni mmoja, yuko Ngana, na ni mkwe wako.

Hakuweza kuja kuongea na mimi, kwa hiyo akamtuma mkewe. Mke wa Mkwe ni mama mkwe wangu kwa cheo, ingawa namzidi kiasi cha kuwa mama yake mzazi. Tunaelewana. Mwanamke mnene, mcheshi, anapenda viatu virefu hata mchangani. Nitamwita Mama Sekela.

Mama Sekela akaniambia, mwanangu, baba yako anaomba umvalishie nyumba zake.

Nikakubali. Hela alinilipa, tena nusu alitanguliza. Nasema mapema maana nawajua, msanii akilalamika mnaanza kuuliza alidhulumiwa shilingi ngapi. Sikudhulumiwa shilingi. Kuna vitu vingine vya mtu.

Tukapanga hivi. Yeye akitaka kuja kukagua, apige honi kule barabarani, mimi niache kazi niingie migombani mpaka aondoke.

Mnaona tatizo? Ukuta haungoji.

Nimepaka, nimesugua, nimeshaingiza nyekundu, mkono uko kwenye nyeupe, honi. Nakimbilia migombani, nachuchumaa. Mkwe anaingia na wageni wake, anatembea polepole kama askofu, anagusa hapa, anagusa pale penye maji maji, anafuta kidole kwenye mhimili. Robo saa. Nusu saa. Mie nimekaa kwenye siafu nasikia ukuta wangu unakauka. Ndiyo, nasikia. Miaka hamsini kwenye kazi unasikia.

Ile nyumba ya tatu niliirudia ukuta mmoja mara nne. Magoti yangu haya hayajanisamehe.

Ndipo akaja dizaina.

Kijana wa Dar, suruali fupi kama imeoshwa kwa maji ya moto, simu mbili. Mkwe alimleta aweke vitanda na taa na mapazia. Kazi nzuri, mimi mapazia siyajui. Lakini kijana hakuridhika na mapazia.

Siku ya kwanza alinionyesha kwenye simu picha ya nyumba zimechorwa pembe pembe, rangi za bluu na njano, za watu wa nchi nyingine huko kusini kabisa. Akasema bibi, fanya kama hizi, hizi zinauza.

Nikamuuliza, hao wenyewe wakija hapa kutembea tutawaonyesha nini, nyumba zao?

Akasema bibi hauna vision.

Nikaendelea na yangu. Yeye akawa anasimama nyuma yangu anapiga picha mikono. Mikono tu, wakuu. Kichwa changu kilikuwa kinakatwa. Nikamuuliza hizi picha za nini, akasema za kunipa exposure. Nikauliza hiyo ni dawa ya nini. Akasema ni watu wakuone. Nikamwambia watanionaje, na wewe umenikata shingo?

Na honi ikilia, mimi migombani, nani anabaki ukutani kuwapokea wageni? Dizaina. Nilikuwa namsikia kwa masikio yangu, mita kumi na tano kutoka nilipochuchumaa. Concept yangu, anasema, ilikuwa ni kurudi kwenye mizizi.

Mizizi nilikuwa nimeikalia mimi.

Nilijiambia acha aseme, mdomo haupaki ukuta. Tena nilikuwa na mkono wangu, hilo ndilo lililonituliza.

Sasa hapa ndipo penye moyo wa habari.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye kila nyumba akimaliza, alikuwa anachovya kiganja kwenye nyeupe anakibandika chini, kulia kwa mlango, usawa wa goti. Mkono mmoja. Si mila ya Wanyakyusa wote, ni ya mama yangu tu. Alikuwa anasema ukuta usio na mkono ni yatima, hata ukiwa mzuri, hakuna wa kumuuliza habari zake.

Nyumba yake mwenyewe ilichukuliwa na mafuriko, alipokuwa ameshakufa. Ilibaki pande la ukuta limeegemea mgomba, na kwenye pande lile kile kiganja. Kilikaa pale karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikienda shambani napita naweka changu juu ya chake. Vilikuwa saizi moja. Kisha mvua ikakichukua, nikabaki na changu.

Kwa hiyo kila nyumba ya Mkwe nikimaliza, nachovya, nabandika. Nyumba sita, mikono sita. Kijana wa concept aseme atakavyo, mkono wangu uko mlangoni.

Ikafika siku moja kabla ya ufunguzi. Mgeni rasmi anakuja, mama mmoja mkubwa wa ofisini, mtu wa mkoa mwingine. Mimi nilibakiza nyumba ya saba, ile kubwa ya mbele, ukuta wa barazani tu. Nikafika alasiri nikasema nizungukie kwanza zile sita nione kama zimekauka vizuri.

Nyumba ya kwanza, natazama kulia kwa mlango. Mkono hakuna.

Pamefutwa. Pamepakwa udongo mpya, vibaya, kama mtoto kafunika kinyesi. Juu yake kimepigwa kibao cha mbao kilichosuguliwa, kimeandikwa jina la dizaina. Kusoma kwangu ni kwa kudonoa, lakini jina hilo nilishalisikia sana nikiwa migombani.

Ya pili hivyo. Ya tatu. Zote sita.

Sikulia, wakuu. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya sita nikautazama mkono wangu mbele na nyuma, kama mtu aliyetoka hospitali.

Mama Sekela akaja, akaniona, akajua. Yeye hajui kudanganya, ndiyo raha yake. Akasema, "Mwanangu, yule kijana alimwambia baba yako hiyo mikono inaonekana kama uchafu wa watoto, itaharibu picha."

"Na baba akasema nini?"

Akatazama viatu vyake. "Akasema futeni tu. Mkwe wangu hatakuja kuiona. Siku ya sherehe mimi nitakuwepo, yeye hawezi kuwepo."

Haya. Someni tena hayo maneno, ndipo Mkwe alipokosea. Mtu amekaa Dar miaka mingi amerudi na mila nusu. Anakumbuka kwamba alipo yeye mimi siji. Amesahau nusu nyingine.

Nikamwambia Mama Sekela sawa, mama, ndaga fijo kwa kuniambia ukweli. Ule ukuta wa saba nitaumalizia kesho asubuhi, leo nimechoka. Akaniangalia kwa jicho moja.

Kesho yake nilifika mapema. Sikuanza kazi. Nilikaa na udongo wangu kwenye beseni nikiukandakanda, nasubiri. Barazani wameshafunga utepe mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo, viti vimepangwa, wazee wa ukoo wamekaa na makoti yao, kwaya ya kanisani inasafisha koo. Njia ya kuingilia kutoka kwenye magari ni moja, inapita hapo hapo barazani.

Nilipoona vumbi la magari kwa mbali, nikainama nikapita chini ya utepe, nikachota udongo mikono miwili, nikaanza kupaka.

Sikukaa bure, mjue. Mtu aliyekaa bure wanamwinua. Mtu mwenye udongo na mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni, nani atamshika, na nguo zenyewe za sherehe?

Honi ikalia.

Nakiri miguu ilitaka kwenda. Miaka yote hiyo, akitokea Mkwe ni migombani, ilishaingia kwenye mfupa. Goti la kushoto lilinyanyuka lenyewe. Nikalirudisha chini.

Nikavuta khanga nikafunika kichwa chote, nikageukia ukuta, mgongo nikaupa njia. Heshima yote ya mkwe nikaitoa, haikupungua hata punje. Kuondoka tu ndiko sikuondoka.

Nikasikia milango ya gari. Nikasikia sauti ya Mkwe, karibu mgeni rasmi, karibu sana, huku ni nyumbani. Nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, kwa, kwa, kwa. Kisha vikasimama.

Ameniona.

Wazee wa ukoo wote macho kwake. Akipita nilipo, Kyela nzima kabla jua halijazama itajua kwamba Mkwe, mzee wa kanisa, kamkanyagia mke wa mwanawe barazani. Nikasikia viatu vimegeuka. Majani ya migomba yakafanya shwaa.

Wakuu, Mkwe ameingia migombani. Na suti.

Kwaya haikujua ianze au iache. Mzee mmoja wa ukoo alitoa kofia akajifunika usoni nayo, mabega yanamruka.

Dizaina ndiye aliyenijia wa kwanza. Akaninong'oneza bibi vipi, toka basi, unaharibu program. Nikamwambia mjukuu wangu, udongo umeshalowa, nikiuacha unapasuka, wewe si ni fundi, unajua hilo. Akanyoosha mkono anishike bega, akaona kile nilichojipaka, akaurudisha.

Ikabidi Mama Sekela awe posta. Kutoka barazani hadi migombani, kutoka migombani hadi barazani, na vile viatu vyake virefu vinazama mchangani kila hatua.

Akaja wa kwanza. "Baba anauliza unamaliza saa ngapi."

"Mwambie baba namheshimu. Ukuta ukiisha."

Akaenda. Akarudi anahema. "Anasema utaisha lini?"

"Mwambie unaenda polepole. Nyumba zingine sita zilikuwa na mkono wangu wa kunisaidia, sasa sina."

Mama Sekela akaelewa, akauma mdomo asicheke. Akaenda, akakaa kidogo, akarudi amevua viatu kavishika mkononi. "Baba anasema yaishe, mwanangu. Anasema wageni wanaona."

"Ndiyo mwambie. Mimi nataka waone."

Sasa mgeni rasmi yeye haelewi kitu. Mwenye hoteli kamkaribisha kisha kakimbilia shambani. Yule mzee mwenye kofia akamweleza mila. Yule mama alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akafanya jambo ambalo nitamkumbuka nalo. Akainua utepe mwenyewe, bila mkasi, akapita chini kama mimi, akavuta kigoda akakaa karibu yangu kunitazama kazi.

Alitazama sana. Nikaingiza nyekundu, nikaingiza nyeupe. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, hizi nyumba nani kachora? Kwenye vibao naona jina la mtu."

Nilikuwa naweza kusema ni mimi. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini ningesema mimi, ingekuwa neno la bibi kizee mwenye matope na neno la kijana mwenye vibao.

Nikamwambia, "Mimi hapa ni mkwe, sina mdomo. Muulize mwenye nyumba."

Akageukia migomba, akapaza sauti. "Mzee, nani kachora?"

Wazee wote wakageukia huko huko.

Kisha ikatoka sauti kwenye majani, ya mtu anayepigana na siafu. "Mke wa mwanangu."

"Kachora hii?"

"Kachora zote."

"Na huyu kijana?"

Nikasubiri na mkono hewani, nyeupe inanidondokea kwenye goti.

"Huyo," Mkwe akasema, "alichora vibao."

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka, soprano kwanza. Wazee wakafuata. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta, meno yangu yote matano yaliyobaki mbele yaliuona ukuta ule.

Ukuta wa saba nikaumaliza kwanza, nikabandika mkono wake. Vibao alivitoa dizaina mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Na palipofutwa mimi nikasugua upya, nyumba kwa nyumba, mgeni rasmi ananifuata, kundi zima nyuma yetu. Nachovya, nabandika. Nachovya, nabandika.

Na kila nikihama nyumba, Mkwe naye ikabidi ahame migomba, maana nikimpitia karibu ni mwiko. Alizunguka mali yake yote kwa nje siku ile, akichungulia kwenye majani. Sehemu zingine nadhani alikuwa hajawahi kuziona.

Siafu wa Kyela hawana habari nani mwenye hoteli. Mama Sekela aliniambia jioni kwamba suti ilianikwa.

Sasa nirudi kwa kijana wa mindset, sikumsahau.

Mwanangu, nimekucheka lakini kuna kipande nakurudishia. Nilipokaa nikafikiri, niliona migomba haikuwa ya Mkwe peke yake. Miaka mingi nyuma mchungaji aliwahi kuwaambia watu kanisani wanisifie ule ukuta wa nyumba ya mwinjilisti, nikatoka nje nikajifanya naita mtoto. Alikuja dada mmoja na kamera kubwa, nikamwambia piga ukuta, mimi sifai. Na lile neno, ni udongo tu, nikikumbuka vizuri, nililisema mimi kwanza. Majirani waliliokota hapo nilipolidondosha.

Kwa Mkwe najificha kwa heshima, nitaendelea. Lakini kwa hao wengine wote sikuolewa. Nilikuwa nakimbia honi za watu ambao hawakunipigia.

Kwa hiyo kwangu kioo kilikuwa ni kuzuia goti moja lisinyanyuke. Na hilo goti hata ukiamka saa tisa usiku, kama hujalizuia litakupeleka migombani.

Na nyie mnaosema sanaa ya zamani imekufa, ikifa mtazikwa mmelala kwenye saruji, poleni.

Nimebakiza swali moja, hili nalihitaji kwa kweli, mnishauri.

Wiki iliyopita Mkwe amemtuma Mama Sekela. Anasema yaliyopita yamepita, tena wageni wanauliza habari za ule mkono kuliko wanavyouliza habari za ziwa. Anataka kuongeza vijumba vitatu. Na anataka kutoa mbuzi, wazee wakae, huu mwiko baina yetu uondolewe, ili tuwe tunaonana, tunaongea, aje akague kazi kama mabosi wengine.

Mbuzi ni mzuri, nimemwona. Dume, mweusi, mgongo mpana. Yuko kwa Mama Sekela amefungwa, anazidi kunenepa.

Nyumba tatu mpya nimeshaanza. Dizaina amebaki na mapazia yake, akiniona ananiamkia kabla sijamwona. Honi sasa hazilii, maana Mkwe ameshajifunza: nikiwa kazini haji kabisa. Ukuta wangu naupaka mpaka mwisho, naingiza rangi ikiwa mbichi, hakuna wa kunigusia, hakuna wa kunisimamia mgongoni, hakuna wa kuniambia ongeza bluu. Bosi yuko ng'ambo ya migomba, kwa mila.

Wasanii mliomo humu, mliwahi kuwa na bosi wa namna hiyo?

Basi niambieni. Huyo mbuzi nimpokee, au tumwache anenepe?